Kutoka vyombo vya harusi hadi matamasha ya Kanda ya Ziwa: ninunue mitambo mikubwa kwa mkopo au nikodi kwa wenzangu?

Mwana wa Nyamagana aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na kwa wenzangu, habari za jioni. Nina kampuni ndogo ya kukodisha vyombo vya muziki hapa Mwanza, ambayo niliianza miaka saba iliyopita nikiwa na spika mbili, mixa (mashine ya kuchanganya sauti) ya chaneli nane na pikapu ya kuazima kwa mjomba. Leo ninazo spika nane zenye amplifaya ndani yake, sabufa (spika za besi) nne za inchi 18, monita sita za wanamuziki kujisikia jukwaani, mixa ya kidijitali aina ya Behringer X32, jenereta ya kVA 15 na vijana wanne ambao nawalipa kwa kila kazi. Riziki yetu inatoka zaidi kwenye harusi, sherehe za kumuaga bibi harusi, mahafali na mikutano ya injili.

Sasa amenijia promota anayetaka kuzungusha tamasha katika miji minne, yaani Shinyanga, Geita, Musoma na Bukoba, kila mji usiku mmoja, katika viwanja vya wazi, akitegemea watu kati ya 3,000 na 5,000. Bendi zitapiga vyombo jukwaani, si kuimba juu ya muziki uliorekodiwa, na yeye anasisitiza kwamba anataka kuona laini arei, zile spika zinazoning'inizwa kwa mstari pande mbili za jukwaa. Mimi sina. Benki ninayoweka fedha zangu imeniambia iko tayari kunikopesha shilingi milioni 60 kwa miaka mitatu. Njia nyingine ni kukodi mitambo kutoka kampuni moja ya Dar es Salaam, ambayo ingekuja na lori lake na fundi wake, lakini hapo naona kama nitabaki kuwa dalali tu wa kazi yangu mwenyewe.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya hilo la mkopo. Mwaka jana tulifunga vyombo kwenye uwanja wa shule, watu wakajaa kuliko tulivyoambiwa. Wa mbele walikuwa wameziba masikio, na nilipozunguka kwenda nyuma nikamkuta mama mmoja, mtoto mgongoni, anacheza kwa kuwatazama wale wa mbele yake, kwa sababu mwenyewe hasikii isipokuwa besi inayotetemesha bati la choo cha shule. Aliponiona na fulana ya kampuni akaniuliza, "Baba, hizo spika zenu ni za watu wa mbele tu?" Sikuwa na jibu, na bado sina.

Mwisho, promota anataka bei moja kwa miji yote minne, usafiri ukiwa ndani yake, asilimia 30 ikilipwa kabla na inayobaki baada ya kuhesabu mapato ya mlangoni. Naomba ushauri wa waliopita njia hii.

Mzee wa Mixa alijibu:

Marahaba, kijana, na hongera kwa miaka saba, maana wengi huishia mwaka wa pili, spika zikarudi sebuleni kuangaliana na televisheni. Nitaanza na swali la yule mama, kwa sababu ukimjibu yeye, la mkopo litakuwa limejijibu.

Uwanjani, ambako hakuna kuta za kurudisha sauti, sauti ya spika hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kila umbali unapoongezeka mara mbili. Spika inayokupa desibeli 124 ukisimama mita 2 mbele yake itakupa 118 kwenye mita 4, 112 kwenye mita 8, 106 kwenye mita 16 na 100 kwenye mita 32, na hapo bado hujaweka kelele za watu wenyewe na miili yao inayomeza sauti ya juu kama godoro. Aliyeziba masikio alikuwa kwenye mita 4, na yule mama alikuwa mwisho wa hesabu hiyo hiyo. Ukiongeza nguvu ya amplifaya kutoka wati 1,000 hadi wati 2,000 unapata desibeli 3 tu, ambazo mama hatazitambua sana, ilhali yule wa mbele, aliyekwisha kuumia, atazipokea zote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022 kuhusu kumbi na matamasha, limeweka ukomo wa desibeli 100 kwa wastani wa dakika 15. Wa mbele yako walikuwa wameupita mbali, na kumwongezea mtu wa namna hiyo wati kwa fedha ya benki ni kumkopea maumivu.

Kinachokosekana hapo ni mahali pa kuziweka spika, si wati. Chukua watu 4,000 waliosimama watano kwa kila mita mbili za mraba: hao wanahitaji mita za mraba 1,600, yaani uwanja wa mita 40 kwa 40 mbele ya jukwaa. Hilo si eneo la kutisha. Wewe una spika nane. Weka nne jukwaani, mbili kila upande, juu ya stendi imara au juu ya sabufa zikiwa zimepita vichwa vya watu na kuinamishwa kidogo, halafu zile nne nyingine zipeleke mita 25 ndani ya uwanja, pande mbili, zikitazama nyuma. Sasa hizo za katikati usiziache zipige papo hapo, kwa sababu sauti ya jukwaani itafika pale imechelewa na mtu atasikia kila neno mara mbili. Katika joto la nyuzi 27 sauti husafiri takriban mita 347 kwa sekunde, kwa hiyo mita 25 huchukua milisekunde 72. Ingiza 72 kwenye mixa, kisha ongeza kama 10 au 15 hivi, ili sikio la mtu lipokee kwanza sauti ya jukwaani na kuamini kwamba muziki wote unatoka kwa mwimbaji anayemwona. X32 yako inaweza kuchelewesha sauti kwenye kila tundu la kutolea, na uwezo huo ulikwisha kuulipia siku uliponunua mixa. Baada ya hapo punguza za mbele. Wa mbele atashusha mikono kutoka masikioni, na mama atacheza wimbo anaousikia.

Pungufu lako la kweli ni besi. Sabufa nne kwa uwanja wa namna hiyo hazitoshi, hasa bendi ikiwa na ngoma na gitaa la besi, na hizo ndizo za kukodi: nane zaidi, kwa wenzako wa hapo hapo Mwanza wenye vyombo vya disko, zilizo za aina moja ikiwezekana, kwa sababu sabufa za aina tofauti hupiga kila moja kwa wakati wake na mara nyingine hufutana badala ya kusaidiana.

Kuhusu laini arei, nakuomba usikilize kwa makini kwa sababu watu wengi wamefilisika hapa. Spika zile hufanya kazi yake ya kutupa sauti mbali pale mstari unapokuwa mrefu na umening'inizwa juu ya kutosha. Mtu akinunua boksi nne kila upande, kwa sababu ndizo fedha zilizotosha, kisha akaziweka juu ya sabufa kwa kuwa hana mnara wa kuzibeba, amenunua spika za kawaida kwa bei ya ghali zaidi. Bado kuna mnara wenyewe, winchi, minyororo iliyopimwa uzito, na mtu anayejua kusoma pembe za kila boksi. Usithubutu kuzining'iniza kwenye zile fremu za aluminiamu tunazofungia mapazia na taa za harusi.

Nikupe kisa kimoja. Kule Bujora, Kisesa, kila mwaka kwenye sikukuu ya Bulabo, inayokwenda pamoja na sherehe ya Ekaristi Takatifu mwezi wa Juni hivi, Bagalu na Bagika, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, hushindana kucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi upande wake. Mwaka mmoja niliitwa kuweka sauti kwa ajili ya matangazo, nami kwa ujana nikapanga spika zote upande mmoja wa uwanja, kubwa, nikidhani nitasifiwa. Mzee mmoja akaja taratibu na fimbo yake, akaniambia, "Kijana, hizi spika zako zinacheza upande gani?" Watu walikuwa wanasogea zilipo, na mimi nilikuwa nimeingia mashindanoni bila kujua. Tukazigawa ndogo ndogo pembe zote nne, kwa sauti ya chini, na uwanja mzima ukasikia. Tangu siku hiyo, kabla ya kushusha boksi hata moja kwenye gari, mimi huzunguka uwanja kwa miguu.

Dada Fezi Tatu alijibu:

Habari za leo, kaka. Mimi ni fundi umeme, nimefanya kazi na kampuni za sauti katika kanda hii kwa muda mrefu, na nimeona Mzee amekupa yote isipokuwa kile kinachounguza kampuni kwa usiku mmoja.

Jenereta yako ya kVA 15 ibaki kwa harusi. Kwa kazi hii kodi ya kVA 30 ya fezi tatu, yaani yenye nyaya tatu za moto badala ya moja, ambayo kwa hesabu ya kawaida ni kilowati 24, yaani takriban ampea 43 kwa kila fezi. Muziki hauli umeme wote ulioandikwa nyuma ya spika, kwa kuwa besi hupiga na kupumzika, lakini kila pigo la ngoma huvuta ghafla, na jenereta iliyobanwa huyumba, volti zikashuka, mixa ikajizima na kujiwasha katikati ya wimbo. Kumbuka pia kwamba sisi tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100, hivyo kVA 30 ya karatasini siyo kVA 30 ya Shinyanga. Taa za jukwaa zipe jenereta yake au walau fezi yake peke yake, kwa sababu ndizo zinazoleta ule mlio wa nyuki kwenye spika.

Sasa niseme jambo lililonikuta. Tulikuwa kwenye uwanja wa wazi, umeme wa fezi tatu umechukuliwa kwenye jengo la jirani, na aliyeunganisha alikuwa na haraka kwa sababu MC alikwisha kushika maikrofoni. Waya wa niutro, ule wa kurudishia umeme, ulikuwa umekazwa kwa skrubu moja iliyolegea. Kila kitu kikawaka, kikapiga kama dakika kumi. Kisha nikaona taa za upande wa kushoto zinang'aa kuliko kawaida, zile za kulia zinafifia, na kabla sijafika kwenye boksi la kugawia umeme nikasikia milio minne kama ya mahindi yanayopasuka kikaangoni. Niutro ilikuwa imechomoka. Niutro ikikatika katika fezi tatu, vyombo vya volti 230 vinajikuta vimefungwa kati ya fezi na fezi, ambako kuna volti 400, na kila kimoja kinapokea kadiri ya bahati yake. Amplifaya nne ziliungua, pamoja na kompyuta ya dijei. Harufu yake ninaikumbuka mpaka leo, kama kucha zilizoungua.

Ndiyo maana nina kanuni ambayo sitaki mtu aivunje, hata bwana harusi akiwa mlangoni. Hakuna spika inayochomekwa kabla multimita, kile kipimo cha umeme, haijapita: kila fezi kwa niutro isome karibu na 230, fezi kwa fezi isome karibu na 400, na ethi, yaani waya wa usalama, iwe imechimbiwa ardhini, si kuzungushwa kwenye mguu wa jukwaa. Unapounganisha anza na ethi, kisha niutro, fezi ziwe za mwisho; unapofungua, rudi kinyume. Fundi wa vyombo akikata waya wa ethi ili kuondoa mvumo, mfukuze siku hiyo hiyo, kwa sababu mvumo huondolewa kwa kisanduku cha DI, kile cha kuunganishia ala kwenye mixa, chenye swichi ya kutenganisha ethi ya mawimbi, ilhali ethi ya umeme iliyokatwa ndiyo inayomfanya mwimbaji ashike maikrofoni na kupigwa shoti mdomoni.

Na zile spika nne za katikati ya uwanja alizokushauri Mzee, ambazo naziunga mkono, zitakuhitaji waya wa umeme wa kama mita 60 ukipita pembeni. Watu watakuletea waya wa milimita za mraba 2.5 kwa sababu ndio wa dukani. Kwa mzigo wa ampea 16 waya huo utakula volti 14 njiani, na spika zitapata 216 badala ya 230, tena hapo jenereta ikiwa haijayumba. Nunua wa milimita 6. Utapoteza volti 6 tu. Ufukie au uweke mkeka wa mpira juu yake mahali watu wanapopita, kwa maana bodaboda ataingia tu, hata uweke kamba.

Msimamizi wa Jukwaa alijibu:

Pamoja na heshima yangu kwa Mzee, naona ushauri wake ni mzuri kwa masikio na mgumu kwa soko. Bendi kubwa huja na orodha yake ya mahitaji ya kiufundi, na fundi wao akifika saa nane mchana akakuta spika za stendi, hata kama zimepangwa kwa hesabu sahihi kiasi gani, atampigia simu promota wake kabla hajasikiliza wimbo mmoja. Kazi hii watu huanza kuinunua kwa macho. Kama ndugu yetu anataka kubaki kwenye matamasha kwa miaka kumi ijayo, laini arei ataifikia tu. Mimi ningekodi ile ya Dar es Salaam kwa miji hii minne, nikamfuata fundi wao nyuma kama kivuli, nijifunze kila pembe na kila mnyororo, na hilo la kuitwa dalali lisiniumize kichwa. Dalali anayejifunza analipwa akiwa darasani.

Mzee wa Mixa alijibu:

Msimamizi, hapo kwenye kumfuata fundi kama kivuli tunakubaliana kabisa, na kama orodha ya bendi imeandika laini arei kwa jina, basi ikodiwe na promota aone bei yake. Ninachokataa ni kijana kujifunga miaka mitatu kwa usiku minne. Na hiyo orodha aiombe leo, kwa maandishi, kwa sababu mara nyingi anayetaka laini arei ni promota aliyeiona kwenye picha, wakati bendi yenyewe imeomba tu monita sita, chaneli 24 na maikrofoni za waya ambazo si feki. Hizo feki za Shure SM58 zimejaa madukani; ya kweli ni nzito mkononi na sauti yake haipigi mluzi kila mwimbaji anaposogea karibu na monita.

Kikokotoo alijibu:

Salaam, ndugu. Mimi ninafanya hesabu za kampuni kadhaa za burudani, na nitaomba tuache muziki kidogo tuangalie shilingi.

Tuchukue mkopo wako wa milioni 60 kwa miezi 36, na kwa mfano tu tuseme riba ni asilimia 18 kwa mwaka juu ya salio linalopungua. Utalipa takriban shilingi milioni 2.17 kila mwezi, iwe kuna kazi au hakuna. Sasa fikiria kalenda. Kwaresima na Ramadhani ni miezi ambayo harusi na burudani husimama kwa sehemu kubwa, na zamani ziliachana, hivyo ukikosa huku unapata kule. Mwaka 2025 zilianza ndani ya wiki moja, na mwaka 2026 zilianza kwa kupishana siku moja hivi, katikati ya Februari. Hiyo ni kama mwezi mmoja na nusu karibu bila kazi, na benki inaweza kutaka marejesho mawili, zaidi ya milioni 4.3, katika muda huo. Ongeza mvua za masika zinazofuata. Je, akiba ya namna hiyo unayo sasa hivi? Kama huna, mkopo huu hautalipwa na tamasha. Utalipwa na spika zako nane, siku benki itakapozichukua.

Pili, nina wasiwasi kwamba hujui kazi moja inakugharimu kiasi gani, kwa sababu wateja wangu karibu wote hawajui. Tuseme vyombo ulivyonavyo vina thamani ya milioni 40, vitadumu miaka mitano na unafanya kazi 60 kwa mwaka. Hizo ni kazi 300, na kila kazi imekula shilingi 133,000 za vyombo kabla hujaweka mafuta, vijana, chakula chao, lori, waya zilizokatika na maikrofoni iliyoondoka na mchungaji. Anayekubali harusi kwa laki mbili anadhani amepata faida, kumbe anauza spika zake kipande kipande.

Kwa hiyo usitoe bei moja kwa miji minne. Shinyanga mnaenda na kurudi siku moja mkitaka. Bukoba ni safari ya kulala njiani au huko, vijana wanne, dereva na usingizi wao. Kila mji uwe na mstari wake kwenye bei, usafiri kando, malazi kando, jenereta kando na lita zake za dizeli zikitajwa. Promota akisema bei ni kubwa, mtaanza kupunguza mistari badala ya kupunguza riziki yako.

Malipo ya asilimia 30 na mengine baada ya mapato ya mlangoni maana yake ni kwamba umekuwa mbia wake katika hasara bila kuwa mbia katika faida. Omba asilimia 50 siku ya kutia sahihi, na 50 nyingine ya kila mji iingie kabla ya vyombo vya mji huo kuwashwa. Mkataba useme wazi mvua ikinyesha ni ya nani. Nina mteja aliyefunga vyombo, mvua ikashuka saa kumi na mbili jioni, watu hawakuja, na mwenye tamasha akamwambia kwamba kazi haikufanyika. Kisheria hakuwa na karatasi hata moja. Useme pia ni nani anayefuatilia vibali, kwa halmashauri, polisi na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), na ni nani atakayeijibu mamlaka ya mazingira kama wakazi watalalamikia kelele, kwa sababu vibali ni kazi ya promota lakini vyombo vitakavyoshikiliwa ni vyako.

Mwisho, kodi. Kampuni ikikulipa kwa huduma itakata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Idai hati yake, kwa sababu ni fedha yako itakayohesabiwa mwisho wa mwaka. Toa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, hata asipoiomba. Na mauzo yako yakikaribia milioni 200 kwa mwaka utalazimika kusajiliwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ambayo ni asilimia 18 juu ya bei uliyokwisha kukubaliana, kama hukuandika kwamba bei haina VAT.

Mwana wa Nyamagana alijibu:

Nashukuruni sana, wakubwa zangu. Nimesoma mara mbili, tena nikamsomea na mke wangu, ambaye ndiye anayetunza daftari, naye akauliza kwa nini sikumuuliza yeye kuhusu hizo 133,000 tangu mwanzo.

Nimeiomba orodha ya bendi kwa maandishi. Tatu kati ya nne hazikutaja laini arei kabisa. Ya nne, ile ya Bukoba, imeitaja. Nimemweleza promota kwamba Shinyanga, Geita na Musoma nitafanya kwa spika zangu nane na sabufa nane za kukodi hapa mjini, na kwa Bukoba ataletewa mitambo ya Dar es Salaam kwa mstari wake wa bei, mimi nikiwa na vijana wawili chini ya fundi wao. Mkopo nimeuacha. Ameguna kuhusu asilimia 50, ila amekubali 40 kwa sahihi na 60 kabla ya kuwasha, ambayo kwangu naona ni bora kuliko ile 30 ya mwanzo.

Yamebaki mawili madogo. Vitu vyangu vya Bukoba, yaani mixa, monita na waya, je, nivipakie kwenye meli ya usiku au niende kwa barabara? Na Musoma uwanja uko karibu na ziwa: mara ya mwisho wadudu wa ziwani waliifunika mixa mpaka nikawa nafuta vitufe kwa kiganja.

Mzee wa Mixa alijibu:

Nenda kwa barabara, kijana. Meli ni nzuri na mtalala, lakini vyombo vitabebwa na mikono usiyoijua bandarini mara mbili, na boksi la mixa huangushwa mara moja tu. Zamani ningesita kwa sababu ya foleni ya kivuko pale Kigongo, ambako lori lingeweza kukaa nusu siku, lakini tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 unavuka zile kilomita 3 hivi ukiwa umekaa kwenye kiti chako, unapita Sengerema, Geita na Biharamulo, na mixa yako iko nyuma ya mgongo wako muda wote. Ondoka alfajiri ya siku ya kuamkia tamasha.

Wadudu wanafuata taa, hawafuati muziki. Zima taa ndogo ya mixa, punguza mwanga wa skrini mpaka usome kwa shida, kisha weka taa moja kali mita 15 pembeni, mahali pasipo na mtu, ili iwe ndiyo harusi yao. Mixa na wewe mwenyewe mkae ndani ya chandarua cha sita kwa sita kilichofungwa kwenye fito nne. Watu watacheka wakati wa kujaribu vyombo. Ikifika saa tatu usiku watakuja kuomba waingie.

Dada Fezi Tatu alijibu:

Na hiyo taa ya wadudu, kaka, usiichomeke kwenye fezi ya mixa.